Sale la Babu

Haya yalimpata Prosper, rafiki yangu wa Uru, mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka. Aling'oa mibuni ili apande pasheni, na pasheni inataka nguzo ndefu za kutambalia. Shimo la mwisho likaangukia penye sale la zamani, ule mmea wetu mtakatifu wa majani marefu, pembeni mwa kihamba, shamba la ukoo wao. Akaling'oa nalo.

"Hilo lilipandwa juu ya kaburi la babu yako," mama yake alisema.

"Babu mwenyewe angetaka tule, mama."

Ukungu ukashuka, migombani kukawa giza mchana mchana. Prosper akasimika nguzo, akashindilia udongo kwa gogo: du, du, du. Alipopumzika, ardhi ikajibu: du, du, du. Ikajibu tena, safari hii karibu na nyayo zake.

Mama yake hakumgombeza. Alichuma jani la lile sale, akalifunga fundo kama sisi Wachagga tunavyoomba msamaha, maana anayepewa jani hilo hatakiwi kulirudisha, akaliweka chini ya nguzo. Wakaingia ndani, wakakomea mlango.

Haukupita muda, mlango ukagongwa: du, du, du. Walipofungua hapakuwa na mtu. Jani lilikuwa kizingitini, lina udongo mbichi, na fundo limefunguliwa.