Gari Linakusalimia

Saa sita mchana duka la vipuri lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mafundi walipiga kelele mbele ya kaunta, kila mmoja ameinua kipande cha chuma kilichokufa, kama wanafunzi wanaogombea kujibu swali. Katikati yao alisimama mwanamke mrefu, gauni la kijani la mikono mirefu, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, faili amelikumbatia kifuani. Robo saa nzima alikuwa akisema "samahani", na hakuna aliyemsamehe.

"Dada, ukiendelea kuomba radhi utafungiwa humu humu," sauti ilisema nyuma yake. "Paza sauti."

"Sijazoea. Kazini kwangu nazungumza kwa mikono."

"Unafundisha ngumi?"

Alicheka kabla hajajizuia. "Mkalimani wa lugha ya alama. Mahakamani."

Mwanamume yule akajaza mapafu. "Mama Vipuri! Kuna mheshimiwa kutoka mahakamani hapa, na ameanza kukasirika!"

Njia ikapatikana mara moja. Mkalimani akafika kaunta, akaomba rangi ya gari, samawati, lita nne. Yule mwanamume akamfuata. Alikuwa mfupi, mabega mapana, ovaroli imefuliwa hadi ikasahau rangi yake. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kabisa, kwa kuwa alisugua bodi za magari tangu ujana. Kwa hiyo mjini hakuna aliyemwita kwa jina, wote walimwita Msasa.

"Rangi ya nini, mheshimiwa?"

"Gari la marehemu baba. Limekaa uani miaka saba. Mdogo wangu anasema tulipake rangi, lipendeze, tuuze."

"Usilipake."

"Kwa nini?"

"Mnunuzi wa magari ya zamani akiona rangi mpya hujiuliza umeficha nini chini yake. Tena utakuwa umemvisha mzee suti ya kukodi. Lifanye liwake na lisimame. Mengine mwachie atakayelinunua."

Mkalimani alimtazama juu ya miwani. Katika kazi yake alikuwa ametafsiri waongo wengi, na huyu hakufanana nao. Aliondoka bila rangi, na namba ya simu ya Msasa nyuma ya faili.

Jumamosi Msasa alifika kuliona. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na ndani yake mtu mmoja. Baba yake Mkalimani, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Mdogo wake wa kiume aliishi ng'ambo na alikuwa sauti tu kwenye simu. Mkalimani alilivua gari turubai. Lilikuwa la milango miwili, pua ndefu, bampa za kromu zilizoota madoa. Panya walikuwa wamekula kiti cha nyuma. Msasa alilizunguka polepole, akapapasa chini ya milango kama daktari anayetafuta panapouma, kisha akafungua mlango, akainamisha kichwa, akavuta hewa.

"Mzee alivuta kiko?"

"Alikiacha nilipozaliwa."

"Gari bado halijaacha."

Mkalimani akageuka kuzitazama nguo kwenye kamba, kwa muda mrefu kuliko nguo zinavyohitaji kutazamwa.

Wakakubaliana: injini na breki basi, hakuna rangi. Gari likavutwa hadi gereji. Jioni ya siku ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, simu ya Mkalimani ikalia.

"Gari linakusalimia," alisema Msasa.

"Limeanza kusema?"

"Limekohoa. Nimelinywesha dawa."

"Basi nirudishie salamu."

Kesho yake akapiga tena, saa ile ile. Na kesho kutwa. Mwanzoni zilikuwa habari za plagi na kabureta. Baadaye habari zikaanza kutoka nje ya njia.

"Mheshimiwa, gari limenituma nikuulize kama umekula."

"Liambie nimekula mkate."

"Linasema mkate si chakula, ni kisingizio."

"Liambie lina mdomo kama fundi wake."

Kila Jumamosi alikwenda gereji. Alisema anakwenda kukagua kazi, lakini alivaa hereni za lulu. Msasa naye, Jumamosi, aliweka kando ovaroli na kuvaa shati lililopigwa pasi. Mafundi wenzake hawakumwacha. "Leo Msasa kajisugua mwenyewe!" walipaza sauti. "Msasa namba ngapi huo, kaka, mbona unang'aa?" Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mjane wa miaka sita, na masikio yake yalipata joto kama ya mvulana.

Walikaa kwenye kiti cha mbele cha gari, milango wazi, vikombe vya chai juu ya dashibodi. Mkalimani alimfundisha ishara chache: *asante*, *ngoja*, *chai*. Msasa aliuliza mkono unasemaje *nimekukumbuka*. Alipooneshwa, aliirudia mara tano kwa uso mzito, akidai vidole vyake ni vizito kuelewa.

"Vinaelewa sana," alisema Mkalimani.

"Ngoja nirudie tu, nisije kumtukana mtu."

Injini iliwaka wiki ya tatu. Ikabaki kitu kimoja, silinda kuu ya breki, ambayo iliagizwa nje. Mkalimani aliuliza wiki ya nne: haijafika. Ya tano: haijafika. Ya saba: "Mambo ya melini, mheshimiwa, tuvute subira." Mdogo wake alipiga simu kutoka ng'ambo: "Dada, hilo si gari, ni banda la panya. Uza lilivyo, tuachane nalo." Yeye akajibu kwamba mambo ya melini yana wenyewe, na alipokata simu alijikuta anatabasamu peke yake jikoni.

Kisha akatokea mnunuzi, daktari wa meno mstaafu aliyekusanya magari ya zamani. Alimpigia Mkalimani kazini, wakati wa mapumziko.

"Nimepita gereji, bibie. Gari zuri. Ila fundi wako mwenyewe ameniambia silinda ya breki haipatikani popote. Bila breki, naweza kutoa nusu ya bei tu."

Haipatikani? Yeye aliambiwa iko njiani. Alitoka kazini mapema, akaenda moja kwa moja duka la vipuri.

"Silinda ile?" alisema Mama Vipuri, akifunua daftari. "Ilifika mwezi uliopita. Msasa aliichukua siku hiyo hiyo."

Mkalimani alitembea hadi gereji. Msasa alikuwa chini ya lori, akatoka akitabasamu, na tabasamu likafia njiani.

"Silinda iko wapi?"

Mafundi wakaacha nyundo.

"Ipo," alisema Msasa taratibu. "Kwenye droo."

"Mwezi mzima?"

"Wiki tano."

"Na mnunuzi ukamwambia haipatikani, ili ashushe bei. Mgao wako ni kiasi gani?"

"Si hivyo, mheshimiwa."

"Basi ni vipi? Sema."

Msasa aliwatazama mafundi wanne waliosimama na vyuma mikononi, akamtazama yeye. Kuna maneno ambayo mtu mzima hawezi kuyatoa mbele ya watu, hasa akiwa na grisi hadi kwenye nyusi. Mkalimani, aliyekula mshahara kwa kusoma watu wasiotoa sauti, hakuweza kuusoma ukimya ule. Hasira ilikuwa imemziba macho.

"Mwizi," alisema. "Tena mwizi wa marehemu."

Akaondoka.

Jumatatu alirudi na gari la kuvuta. Alimkuta Msasa amesimama mlangoni, macho mekundu, ufunguo mkononi.

"Mrudishe huyo dereva," alisema. "Halihitaji kuvutwa. Jana nimefunga silinda. Breki nimezijaribu mara ishirini. Liendeshe mwenyewe."

"Gharama?"

"Ulishalipa."

Alichukua ufunguo bila kumgusa mkono. Hakuwahi kuliendesha gari lile. Baba yake hakumruhusu mtu. Kwenye taa za kwanza alikanyaga breki akiwa na woga, na gari likasimama taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekaribishwa kukaa. Dereva wa nyuma alipiga honi taa zilipokuwa kijani. Akapiga tena. Mkalimani alikuwa analia na hakuweza kuona.

Saa kumi na mbili na nusu ya jioni ile simu haikulia, wala iliyofuata. Wiki ya kwanza alijiambia ni nafuu. Wiki ya pili alianza kuipa simu mgongo saa hiyo ilipokaribia, akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Kutwa nzima mahakamani alisema maneno ya watu wengine: ndoa zao, ugomvi wao, viapo vyao. Aliporudi nyumbani akakuta hana hata neno moja lake, wala wa kumpa. Jioni moja alijiona kwenye kioo cha dirisha, mikono yake inasema *nimekukumbuka* kuelekea uani pasipo mtu. Aliishusha kama mtu aliyefumaniwa.

Mara mbili alitafuta namba ya Msasa, mara mbili akairudisha simu mezani. Angesema nini? Kwamba amemsamehe mwizi? Na Msasa naye, upande wa pili wa mji, alikuwa anaitazama simu yake saa ile ile. Alijua ni yeye aliyekosa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kosa lilivyozidi kuwa zito kuliinua.

Mwishowe Mkalimani akamwita daktari wa meno. Alikuja Jumamosi asubuhi, tai ya kipepeo, kofia mkononi. Aliwasha injini, akazunguka mtaa, akarudi uso umechanua. Bei alitoa kamili bila kubishana. Walikaa meza ya jikoni kuandikiana hati.

"Kwa hiyo silinda ilipatikana," alisema daktari akitafuta kalamu. "Yule fundi wako, bibie, mtu wa ajabu. Nilipokwenda pale nilimwambia anipe bei nzuri, nami nitamfikiria. Alinifukuza. Nikamuuliza, basi silinda hii itafika lini? Unajua alinijibu nini?"

"Hapana."

"Kwanza alisema haipatikani. Kisha nilipofika getini akasema, si kwangu, ni kama anajisemea: 'Ikifungwa tu, huyu dada haji tena.' Nilidhani ni mzaha wa mafundi. Niweke sahihi hapa?"

Mkalimani alimwonesha pa kuweka sahihi. Akaweka na yake, herufi zikipanda na kushuka. Alilisindikiza gari hadi getini, akalitazama hadi lilipopinda kona. Palipokuwa pamewekwa gari palibaki mstatili wa udongo mweupe usio na majani. Alisimama kando yake kwa dakika chache, kisha akafunga mlango, akaenda gereji kwa miguu.

Msasa alikuwa anasugua mlango wa gari la mtu. Hakuvaa shati la pasi. Mafundi walimwona Mkalimani kwanza, nyundo zikanyamaza moja moja, hadi Msasa akainua kichwa.

"Breki zimegoma?" aliuliza, uso umekauka.

"Sijui. Muulize daktari."

Msasa aliushusha msasa. "Umeliuza."

"Asubuhi hii."

"Ni vizuri." Alipangusa mikono kwenye ovaroli, ingawa haikuwa na kitu. "Basi umefuata nini, mheshimiwa?"

"Kwanza nimefuata neno langu." Akawageukia mafundi wanne, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapaza sauti mbele ya wanaume wenye nyundo. "Nilimwita mtu huyu mwizi hapa mbele yenu. Nalirudisha mbele yenu hapa hapa. Si mwizi."

"Ila ni mwongo," alisema Msasa kwa sauti ya chini.

"Ila ni mwongo. Ulinidanganya wiki tano."

"Nilikudanganya."

"Ungeniambia."

"Ningeanzaje? Wewe una nyumba, una kazi ya watu wenye majoho. Mimi hapa jioni nafunga geti, naenda kwenye chumba." Alitazama chini. "Tangu mke wangu afariki nakula nimesimama. Kando ya jiko, sufuria mkononi. Miaka sita. Kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Halafu ukaja na gari lako, Jumamosi tukawa tunakunywa chai tumekaa. Nikaiweka silinda kwenye droo. Sikufikiri. Niliiweka tu."

Mafundi, ambao walikuwa na adabu kuliko walivyoonekana, wakakumbuka wote kwa pamoja kazi iliyokuwa nyuma ya ukuta.

Mkalimani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Mimi nyumbani nimefunga vyumba viwili kwa ufunguo," alisema, "nisivione vikiwa vitupu. Usidhani ni wewe peke yako."

Lori lilipita nje, vumbi likaingia, likatulia.

"Sasa gari halipo," alisema Msasa. "Sina la kukukagulisha."

"Halipo."

"Nitakupigia simu niseme nani anakusalimia?"

"Useme wewe."

Msasa akainua mkono, vidole vile laini, akafanya ishara ile aliyoirudia mara tano. Alikosea kidogo. Mkalimani akaushika mkono, akauweka sawa, na hakuuachia.

"Kesho Jumapili," alisema. "Njoo nyumbani saa saba. Usije na zana."

"Nije na nini, basi?"

"Njaa."

Alifika saa saba kasoro, shati jeupe, mikono mitupu. Hawakuzungumza sana, wote wawili walikuwa wamesahau jinsi mtu anavyokula mbele ya mwenzake, na mara mbili waligonganisha vijiko kwenye bakuli moja, wakaombana radhi. Nyumba ilikuwa kimya kama kawaida yake. Sahani zilipobaki tupu, hakuna aliyenyanyuka.