Nyayo za Chuko

Xoma alikuwa akiwaonyesha watalii wanne njia ya tembo, nje kidogo ya mji mdogo wa Tsumkwe, alipouona unyayo wa mkewe mchangani. Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho kimepinda. Nyayo za tembo zilikuwa na umande. Huu haukuwa nao. Ulikuwa wa asubuhi hiyo hiyo, na Chuko alikuwa na miezi minne kaburini.

"Na huu wa nani?" mtalii mmoja aliuliza.

"Wa mama mmoja wa kijijini," alijibu, akapita.

Usidhani alikuwa jasiri. Tangu mazishi hakuwa amelia, na wambea walisema ana moyo wa jiwe. Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu. Alikula tu kwa sababu binti yake Nae, wa miaka mitano, hakukubali kula peke yake.

Aliporudi nyumbani, Nae alikuwa na homa.

Kesho yake nyayo zilifika ukingoni mwa kijiji. Siku ya tatu zilikuwa zimezunguka kibanda, zikasimama mlangoni vidole vikielekea ndani, na ndani kulinukia unga wa majani wa kujipaka ambao Chuko alikuwa akiuweka katika gamba la kobe, gamba alilozikwa nalo, na mtoto, mwili unawaka, alikuwa akinong'ona na upande ambako hakukuwa na mtu.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Mama. Anasema tunachelewa."

Xoma alimkimbilia mjomba wake Kxao, mganga.

"Mjomba, Chuko amerudi."

"Najua. Sema polepole. Ulimlilia?"

"Machozi hayakuja, mjomba."

"Basi anaona hakuna anayemkumbuka. Huko ana upweke, anatafuta mwenzake."

Jioni ile wanawake waliuzunguka moto wakaimba na kupiga makofi hadi kulipopambazuka, na Kxao, akitetemeka, jasho likimtiririka, aliweka mikono kifuani mwa mtoto akamtukana marehemu kama wanavyotukanwa wafu ving'ang'anizi: "We Chuko! Huna haya? Huyu si wako tena! Muache, nenda zako!" mpaka akaanguka.

"Ameondoka," alisema alipozinduka. "Ameshukuru. Sijui kwa lipi."

Homa ilikuwa imeshuka. Shangazi yake Nae alimlaza kibandani, naye Xoma akaenda kukagua ardhi, maana aliuamini mchanga kuliko watu.

Nyayo za Chuko zilitoka kijijini kuelekea porini. Za mtoto hazikuwepo kando yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, kifua cha Xoma kililegea.

Kisha, kwa mazoea ya kazi, akachuchumaa. Jana alipita mtu mwepesi. Leo visigino vilikuwa vimezama, cha kulia zaidi, kama anavyokanyaga mwanamke aliyebeba mtoto ubavuni.

Nyuma yake shangazi alikuwa akimwita Nae aamke anywe uji. Akaita tena. Machozi ya Xoma yakaanza kudondokea ule unyayo.