Akigonga, Ni Yeye

Msiniulize kama naamini uchawi. Mimi nauza chakula kwenye lango la mgodi, huku Rwamgasa, na ninachokiona kwa macho yangu nakisema. Haya yalimpata shemeji yangu Masele, mume wa mdogo wangu Limi. Na siku yenyewe ilianza vizuri kabisa: jua limetoka, uji wa moto, vijana wanataniana kwenye benchi langu.

Masele alikulia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Huko wana mwiko wao. Ukiwa chini ukaitwa jina, huitiki kwa mdomo, unagonga kwa nyundo mara tatu. Wanasema chini kule kuna kitu kinaokota sauti za watu. Ukishakiachia yako, ndiyo imekwenda.

Akapata ajira kwenye kampuni, na kampuni ina taratibu zake. Mchana kabla ya kulipua baruti watu wote wanatoka, halafu afisa usalama anaita majina moja moja kwenye redio koli, zile redio za mkononi ambazo kila mchimbaji anabeba. Mtu akiitika "Nipo" kutoka chini, hakuna kulipua. Afisa huyo aliitwa Edward, kijana mpole, aliyetaka kila mtu arudi kwake mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa hapa wanamtukana, nami sitaki dhambi.

Kwenye mazoezi Masele alikuwa anagonga tu, akamweleza Edward ule mwiko wao. Edward akamkemea, "Nyundo haina jina, Masele. Nitajuaje ni wewe? Itika kama wenzako!" Basi, siku hiyo akaitika.

Haukupita muda. Mchana mmoja, watu wote wakiwa nje, Edward akaita, "Masele!"

"Nipo," redio ikajibu.

Masele alikuwa amesimama pembeni yake, kikombe cha maji mkononi.

"Si nilikwambia, kaka?" akanong'ona.

Wakashuka, wakapekua kila kona. Hakuna mtu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Kazi ikawa haiendi, mabosi wanafoka. Mwishowe Edward na Masele wakakaa kwenye benchi langu wakakubaliana, nami nikisikia kila neno. Kuna bomba la chuma la hewa linaloshuka mpaka chini kabisa, na ukiligonga kwa nyundo huko, huku juu linalia kama kengele.

"Ukisikia sauti yangu, si mimi," alisema Masele. "Nikigonga bomba mara tatu, ndiyo mimi. Usilipue."

Edward akawatangazia wote: akigonga, ni yeye. Watu wakazoea. Sauti ikisema "Nipo," vijana wanacheka, "Huyo wa chini huyo!" na baruti inalipuliwa. Mungu wangu, binadamu anazoea kila kitu.

Sasa siku hiyo niliyowaambia. Asubuhi Edward alikuwa anakagua vifaa, akakuta mpini wa nyundo ya Masele una ufa. Akaifunga utepe mwekundu, alama ya kifaa kisichofaa, akaifungia kwenye sanduku. "Jioni utapata mpya," akamwambia. Masele akanung'unika, akashuka mikono mitupu. Edward hakukosea. Nyundo ile ingemtoa mtu jicho.

Mchana wakatoka. Edward akauliza, "Masele yuko wapi?"

"Yuko kwa dada Paskalia," akajibu Ndaki, mwenzake wa zamu. "Nimemwona kwenye benchi, ametupa mgongo, kofia kichwani."

Dada Paskalia ndiye mimi. Benchi langu lilikuwa tupu. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Edward akaita jina. Kisha ile sauti.

"Nipo."

Vijana wakacheka.

"Nipo. Kaka Edward. Nimebanwa mguu."

Kicheko kikakatika. Haikuwahi kusema zaidi ya neno moja. Edward akaweka sikio kwenye bomba. Hakuna kitu. Labda mkwaruzo mdogo tu, kama kuku anaparua bati kwa jirani. Jiwe halitoi mlio wa kufika juu. Bomba lile linataka chuma.

"Kaka. Sina..."

Redio ikakoroma. Ikazima.

"Kinajifunza kuongea," Ndaki akanong'ona. "Bosi, lipua tuondoke."

Edward alilitazama bomba. Halikugongwa. Akatoa ishara.

Niliusikia mlipuko nikiwa naosha sahani. Nikageuka. Kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja kukaa, palikuwa na tope la kijivu, lile la chini mgodini. Bichi. Hapo ndipo nilipopiga yowe.

Edward akaja mbio. Akaliona tope, akasimama.

"Nyundo," alisema. "Alikuwa ananiambia hana nyundo."

Walimtoa, tukamzika kwao Masumbwe. Limi mwenyewe aliutambua mwili, nami nilikuwepo, nilimwona. Hilo mlishike vizuri.

Baada ya arobaini Limi akaja kuchukua vitu vya mumewe. Edward, aliyekuwa amekonda mpaka anatia huruma, akafungua sanduku kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Nyundo haikuwemo. Ulikuwemo utepe mwekundu peke yake, fundo limefunguliwa, umekunjwa vizuri. Una tope la kijivu.

Tukiwa bado tumeuinamia, jua la utosi, watu wote wameshatoka chini, bomba likalia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma kwa chuma.

Ndaki akaketi chini kwenye vumbi. Limi hakulia. Alikwenda akaweka kiganja kwenye bomba, akakiacha hapo mpaka likanyamaza. Kisha akamgeukia Edward.

"Shemeji, ulisema mwenyewe akigonga, ni yeye," alisema kwa upole. "Basi mtoe."