Joto Lililozidi Tangi la Pili

Kikadiriajoto, mashine ya kupimia chumvi za mtambo, hakikuhitaji moto. Ukikitajia chumvi, hata ile ambayo bado haijatengenezwa na mtu, kiligawia kila kipande chake fungu la joto, kikajumlisha, kikasema itayeyuka lini na itabeba joto kiasi gani. Kama mama anayeshika maharage kiganjani akajua yatakula mkaa kiasi gani.

Mji mzima wa Singida, majiko, pampu na lifti, uliendeshwa na matangi ya chumvi iliyoyeyushwa kwa jua. Sikitu ndiye aliyekisimamia kikadiriajoto. Asubuhi moja kikamwambia kwa sauti yake tulivu, "Tangi la pili linapoa polepole kuliko makadirio. Humo kuna kitu ambacho hamkunitajia."

"Kipuuze," alisema Mkumbo, mkuu wa mtambo. "Na wewe Sikitu, tangu mumeo aondoke unatafuta kasoro hata pasipo na kasoro."

Nanyaro, mumewe, alikuwa fundi wa matangi hayo. Ilisemekana kaacha kazi, kaenda Babati na mwanamke. "Na meno yake yale ya kahawia, naye kapata wa kumgombania?" majirani walimtania. Sikitu alicheka nao, kisha kila jioni akamwekea mumewe chakula chini ya kawa.

"Ni kitu gani?" akakiuliza.

"Kalisi na fosfati. Chumvi inayojenga mfupa."

Mkumbo akakohoa. "Ndege huanguka mle."

"Hesabu bado haijakaa," kikadiriajoto kikaendelea. "Naongeza floridi. Nyingi, kupita kawaida. Sasa imekaa."

Sikitu akashika ukingo wa meza. Maji ya Ngarenanyuki, kwao Nanyaro, yana floridi. Anayekua akiyanywa humwingia mifupani, na meno hubaki kahawia. Siku za uchumba alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo, mpaka Sikitu alipouondoa mkono ule.

"Ulijua," akasema.

Mkumbo alitazama chini. "Kifuniko kilikuwa kimelika. Nanyaro alipotumbukia hapakuwa na wa kuokolewa tena. Na kulifungua tangi, shemeji, ni kuuzima mji."

"Basi uzimike."

Sikitu akavuta mpini wa kuzimia mtambo. Pampu zikanyamaza moja moja, hadi mitaani.

Akakaa kando ya tangi, akingoja lipoe. Majirani walipokuja kuuliza mbona majiko yamezima, aliwatazama mmoja mmoja.

"Nanyaro hakwenda Babati," akasema. "Yumo humu. Mmekuwa mkipikia joto lake."