Bosi Haondoki

Foleni ya bucha Jumamosi ile ilikuwa imefika hadi barabarani. Mbwa wa kahawia akapenya katikati ya miguu ya watu, akanyakua mfupa juu ya gogo la kukatia nyama.

"Mwizi!" muuza nyama akafoka.

"Mwizi ni wewe unayeuza mifupa kwa bei ya nyama!" Alikuwa fundi cherehani, gauni jekundu, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. "Huyo anaitwa Bosi. Na bosi wake ni mimi."

Muuza nyama alicheka hadi akasahau mizani. Tangu hapo Bosi akawa anashinda nyuma ya bucha, na simu za jioni haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, nakungoja wewe."

"Tungoje wawili. Mimi na Bosi hatuachani."

Muuza nyama alipotaja kuoa, mama yake hakutaka hata kusikia habari za mbwa. "Mwanamke aje. Mbwa simtaki kwenye harusi, wala baada ya harusi."

Wiki ileile Bosi akaanza kutapika. Akagoma kula, macho yakageuka manjano. Fundi akampigia muuza nyama simu.

"Mama yako kampa mbwa wangu sumu!"

"Mtaje mama yangu tena uone!"

"Namtaja! Mama yako!"

Simu ikakatwa.

Daktari wa mifugo alipima damu. "Si sumu, dada. Ni bakteria wa kwenye mkojo wa panya. Huwa anakunywa maji wapi?"

Fundi akaikumbuka ndoo iliyo wazi nyuma ya bucha, panya wakikimbizana ukingoni.

"Na chanjo ya mwaka huu?"

"Bado," fundi akasema. Kila wiki alikuwa akisema atampeleka wiki ijayo.

"Tunamlaza hapa, tunamchoma sindano, tuone. Ila ugonjwa huu unampata hata mtu. Usiguse mkojo wake bila glavu."

Fundi alitoka nje akampigia muuza nyama. "Mama yako nimemwonea, na nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini ni ugonjwa wa panya, na ndoo ni yako."

Simu ikakatwa tena. Akajua yameisha.

Kesho yake bucha haikufunguliwa. Muuza nyama alikuwa nyuma, ndoo kaitupa, mtaro kauzibua, anaziba matundu ya panya kwa saruji.

"Unafunga duka kwa ajili ya mbwa?" mama yake akauliza.

"Kwa ajili ya mke wangu, mama. Na mbwa wake anakuja naye. Ukitaka kununa, nuna. Kiti chako cha harusini hakiondoki, na Bosi haondoki."

Akaenda kwa daktari vilevile, saruji viatuni. Bosi akainua kichwa, mkia ukagonga sakafu mara moja. Fundi akageuka ukutani kuficha machozi.

"Nataka kukuoa," muuza nyama akasema. "Pamoja na huyo mwizi."

Fundi akamrushia glavu. "Vaa kwanza. Mshike nimsafishe."

Glavu zilimbana mikono yake minene, moja ikapasuka. Fundi akamvalisha nyingine mwenyewe, kidole baada ya kidole, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Sijasikia jibu," muuza nyama akasema.

"Mshike vizuri, mume wangu. Anateleza."