Mwenye Kope Ndefu

Wanaosema mapenzi huanzia machoni hawajawahi kukwama kwenye lifti. Fundi miwani alikwama Jumatatu asubuhi, yeye na watu saba na boksi la fremu mpya, katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kwenye jengo la maduka lililojaa watu mpaka ngazini. Ndani ya lifti wengine walianza kupiga kelele, mmoja akawa anasali. Ndipo sauti ikatoka kwenye spika ndogo ya ukutani.

"Jamani, tulieni. Nani amebonyeza kengele?"

"Mimi."

"Wewe nani, mama?"

"Mimi si mama yako. Nina boksi zito na kuna mzee hapa ananikanyaga."

"Basi, dada, mwambie mzee ahamishe mguu. Nakuja."

Kwa dakika ishirini sauti ile iliwatania mpaka hata aliyekuwa anasali akacheka. Milango ilipofunguka, fundi miwani aliona kofia ngumu ya njano, ovaroli ya bluu iliyokunjwa mara mbili miguuni, na tabasamu pana. Mwenye tabasamu alimfika sikioni. Akalipokea boksi, akalifikisha dukani, na kesho yake akarudi kupima macho yasiyo na tatizo lolote.

Huo ulikuwa mwanzo, na miezi kumi ikapita wakipendana. Kila mtu aliliona hilo isipokuwa shangazi yake fundi miwani, dada wa baba aliyemlea tangu ana miaka sita. Yeye aliona kimo tu. "Mwanangu," alisema siku moja sebuleni, mbele ya wageni, "ukimkumbatia yule, unamkumbatia au unamfunika?" Watu walicheka, na fundi miwani naye akacheka. Kwa kicheko kile hakujisamehe. Fundi wa lifti hakukisikia, lakini aliona kwamba tangu hapo, wakitembea barabarani, mwenzake hutangulia hatua moja. Kwa hiyo alipomwomba waoane, na mwenzake akamjibu, "Nipe muda, mpenzi, nikirudi safari nitakujibu," alijua muda huo ni wa nini.

Safari ilikuwa ya wiki mbili, nchi ya mbali, kujifunza mashine mpya ya kukata lenzi. Jumamosi hapakuwa na darasa. Fundi miwani akavaa gauni lake la kijani na raba nyeupe, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda peke yake kwenye bustani ya wanyama ya mji ule.

Alidhani atafurahia upweke. Wapi! Alimkuta dubu amelala chali, mkono kifuani, akageuka kumwambia mtu: huyu si msimamizi wenu baada ya chakula cha mchana? Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alimwona kiboko akipiga miayo, akageuka tena. Kwa sokwe alisimama nusu saa nzima, na kila sokwe alipojikuna alisikia kichwani mwake utani ambao fundi wa lifti angeutoa. Ilipofika saa sita mchana alikaa kwenye benchi, akakiri mwenyewe kwamba hana la kufikiria tena. Anamtaka. Akajisikia mwepesi, akanunua aiskrimu, akaenda kwa twiga.

Alikuwa hajawahi kumwona twiga ana kwa ana. Mlinzi wa pale alimpa tawi la majani kwa ishara, twiga akainama juu ya uzio, akala, kisha akamlamba mkono mpaka kiwiko. Fundi miwani alipiga yowe la furaha, akatoa simu kumsimulia mpenzi wake. Kwa kawaida ujumbe wake wa sauti hufika vipandevipande, kwa sababu kidole chake huteleza kwenye kitufe na hawezi kunyamaza.

Jibu lilikuja la maandishi, baada ya robo saa.

"Nimesikia. Hongera. Mimi ni mfupi lakini si mjinga. Usihangaike kurudi na jibu."

Alisoma mara tatu. Akapiga simu: imezimwa. Akapiga tena: imezimwa. Amefanya nini? Akafungua alichotuma, na hapo akaona. Kipande cha kwanza, kile cha "Niko kwenye bustani ya wanyama, mbele ya twiga, ngoja nikusimulie," kilikuwa na alama nyekundu. Hakikwenda. Kilichokwenda ni cha pili:

"Jamani, mpenzi, niseme ukweli, huyu kaniteka! Mrefu! Mrefu mpaka nimemwangalia shingo imeniuma. Ana kope ndefu hizo, anatembea taratibu, hana papara. Kaja mwenyewe kwangu, kainama, nikamlisha kwa mkono wangu. Halafu kanilamba, mbele za watu! Nimeona aibu, lakini sikutaka aache."

Lugha yetu nayo! Mtu ni "yeye", twiga ni "yeye". Aje kwa miguu miwili au minne, ni "kaja" tu. Siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Sasa hakucheka, kwa maana yule aliyeusikiliza ujumbe alikuwa anangoja kuambiwa neno hilo hilo moja, mrefu, na ameambiwa. Akapiga kwa mama yake fundi wa lifti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba kavu.

"Mama, naomba kuongea naye."

"Amejifungia chumbani. Alikuja kuniambia mwenyewe, tukausikiliza ujumbe wako mara tatu. Binti, mtu akulambe, mchana kweupe, nawe unatutangazia?"

"Mama, ni twiga."

"Hata kama anaitwa Twiga!"

"Haitwi, mama. Ni twiga. Mnyama. Mwenye madoa. Niko kwenye bustani ya wanyama."

Ikasikika kama mtu anakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, na mlango ukagongwa kwa kiganja. "Toka! Toka huko ndani, mpumbavu wangu! Umemwonea wivu mla majani!"

Simu ikabadili mkono.

"Ana miguu mingapi?" sauti ya fundi wa lifti iliuliza.

"Minne."

"Una hakika?"

"Nimehesabu, mpenzi. Na mkia."

Alisikia pumzi ndefu ikishushwa upande wa pili, naye akashusha yake. Walicheka pamoja mpaka machozi. Lakini fundi wa lifti ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Nimelia, Miwani wangu. Huyo mrefu hakuniliza. Kilichoniliza ni kwamba niliamini upesi."

Neno lile lilimchoma fundi miwani, kwa sababu lilikuwa kweli. "Nisikilize," alisema. "Siku moja shangazi alikucheka kimo chako mbele ya wageni. Na mimi nikacheka."

"Nilidhani kuna kitu."

"Nisamehe. Leo nimezunguka humu tangu asubuhi, na kila nilichokiona nilikuwa nageuka kukuonyesha. Nataka kuolewa na wewe."

"Maneno matamu hayo," fundi alisema polepole. "Ila huko uliko hakuna anayekujua. Nani atakucheka?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Fundi miwani alitazama simu yake. Angeweza kungoja, akarudi, akatafuta siku nzuri na maneno laini. Lakini siku nzuri alikwisha kuzingoja za kutosha.

"Usikate," alisema, akampigia shangazi, akaunganisha simu zote mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Unakula huko?"

"Nakula. Shangazi, nimepata mchumba."

"Ehee! Nani huyo?"

"Fundi wa lifti."

"Yule mfupi?"

"Huyohuyo. Mfupi hivyohivyo ulivyomwona. Siku ile nilicheka na nilikosea. Sitacheka tena, shangazi, na wewe nakuomba usimcheke."

"Umekasirika."

"Sijakasirika. Nampenda."

Shangazi alishusha sauti. "Mimi nilikuwa natania tu. Sikujua umelibeba mpaka huko." Akajikohoza. "Basi mwambie aje. Ila asije na lifti, aje na wazazi."

"Tunakuja!" mama yake fundi alipaza sauti.

"Nani huyo?"

"Mama yake, shangazi. Wanakusikia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu uliponiitikia. Hata 'yule mfupi' wameisikia."

"Umeniua!" Shangazi alinong'ona. Kisha, kutoka upande wa fundi, sauti ile ya kwenye spika ya lifti ikasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, shangazi."

Fundi miwani alifumba macho, akangoja.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akajibu. "Karibu nyumbani."