Mlango wa Wageni Warefu

Kilichoanza kumtia Diskit wasiwasi ni mkia wa mbwa. Ulikuwa mchana mweupe, theluji imetulia, na mbwa wao mzee alikuwa amejilaza juani kando ya rundo la mavi makavu ya kuwashia jiko. Ghafla akainuka, akatazama njia inayoteremka kutoka mlimani, akaanza kutikisa mkia na kutoa kile kilio chembamba cha furaha anachokitoa kila mtu wa nyumbani anaporudi. Njiani hapakuwa na mtu. Wala hapangeweza kuwa na mtu, maana pito la Marsila, mahali pa kuvukia mlima, lilikuwa limezibwa na theluji kwa wiki tano sasa, na hakuna kiumbe ambaye angetokea huko kabla ya mwezi wa sita.

"Wewe unamchekea nani?" Diskit akamwuliza.

Mbwa akaenda mpaka katikati ya njia, akajilaza chali, akatoa tumbo nje, akatulia kama anayekunwa.

Diskit aliingia ndani akaketi jikoni, na hakumwambia mtu. Hata hivyo wa kuambiwa alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake, Bibi Chorol, na kumwambia mama aliyefiwa kwamba mbwa anamwona mwanawe ni ukatili ambao Diskit hakuuweza.

Mbwa alikuwa wa Jigmet. Jigmet, mume wa Diskit, alikuwa ameongoza watalii milimani miaka kumi na tisa, akafia pale pale kwenye pito katika safari ya mwisho ya msimu. Mchunga farasi wake, Stobdan, ndiye aliyerudi na wageni na habari. Alisema Jigmet alianza na kikohozi kikavu, kikageuka kikohozi cha maji, kisha povu jekundu likamtoka mdomoni, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekata roho. Theluji ilikuwa inawafukuza. Walimlaza wakampangia mawe juu, wakakimbia. Moto wa kuuchoma mwili wake, kwa desturi yao, ungengoja kiangazi.

Kijiji kizima kilimpa Diskit pole, na kila pole ilimchoma, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake.

Nyumba yao ilikuwa ya wageni. Vitanda sita, chai ya siagi asubuhi, na Diskit mwenyewe mlangoni akiwapa watu maonyo ya hewa nyembamba ya mlimani kabla hawajapanda: pumzikeni siku mbili, kunyweni maji, mtu akiumwa kichwa asiendelee, akikohoa maji ashuke saa hiyo hiyo, asione aibu. Wageni walimwogopa kama mwalimu wa hesabu. Mwaka huo Jigmet alikuwa Jammu, kule chini kwenye joto, miezi minne akimwuguza kaka yake. Akarudi kwa ndege, safari ya saa moja tu kutoka joto lile hadi huku juu. Siku ya pili wakaja wageni watatu wenye haraka ya kuvuka kabla ya theluji, na asubuhi ya kuondoka Jigmet alikaa jikoni ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinagonga, Diskit. Tangu jana kinagonga."

Hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kufikiri kwamba mzaliwa wa huko anahitaji kupumzishwa kama mgeni. Hewa ile waliiona yao, kama urithi. Hakuna aliyejua kwamba kifua cha mzaliwa nacho huisahau kikikaa miezi nchi ya chini. Diskit alicheka, tena kwa sauti, mbele ya wale wageni.

"Loo! Njooni mwone, mume wangu amekuwa mtalii! Nikuletee na wewe chupa ya oksijeni, bwana? Nikushike mkono?"

Wageni wakaangua kicheko. Jigmet naye akacheka, akavaa kofia yake, akaenda.

Siku tatu baada ya mambo ya mbwa, sauti ilianza. Theluji ilikuwa inaanguka taratibu alasiri, kijiji kimejifungia, na Diskit alikuwa akikaanga shayiri aliposikia kishindo kizito kutoka nyumba ya juu kabisa, ile iliyo karibu na mlima. Du. Kikapita kimya. Du. Kikapita kimya kingine. Mara ya tatu kikasikika, halafu kikanyamaza. Baada ya muda kikaanza nyumba ya pili. Kilikuwa kishindo cha kitu kigumu kinachogonga mbao, hakina hasira wala pupa, na kati ya kishindo na kishindo palisikika kikohozi, na kikohozi hicho kilikuwa cha maji. Shayiri ikaungua kwenye kikaango, Diskit asiisikie harufu yake.

Asubuhi majirani walikutana kisimani wakinong'ona. Kila mlango wa nyumba za juu ulikuwa na alama ya barafu kwenye boriti ya juu yake, duara dogo jeupe, usawa wa paji la uso la mtu mzima aliyesimama wima.

Wakamwita Norphel, mganga wa kijiji, mzee mwenye miguu ya matege na ulimi usio na adabu kwa yeyote. Alizitazama alama moja moja, akaja mpaka nyumba ya wageni, akasimama mbele ya mlango. Akainua mkono juu. Mkono haukufika kwenye boriti.

"Huu mlango umekua lini?"

"Tuliupandisha kiangazi kilichopita, babu," Diskit akasema. "Wageni ni warefu. Kila siku walikuwa wanajigonga vichwa, wengine wanatoka damu."

"Kumgonga mtu kichwa ndiyo kazi ya mlango!" Norphel akafoka. "Unadhani babu zako walikuwa mbilikimo? Walijenga milango mifupi kwa sababu ya siku kama hizi." Akaingia, akaketi karibu na jiko, akateremsha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Majini ya pito hayana miguu. Yakikuta mwili umelala bila moto, yanaona miguu ya bure, yanaivaa. Lakini miguu ile ina njia moja tu inayoijua, njia ya kwao. Kwa hiyo linalokuja ni jini, na ni mumeo pia, maana yeye mwenyewe hajajua kama amekufa. Maiti mgongo haukunjiki. Akikuta mlango mfupi anajigonga, anaenda zake. Akikuta huu wako, ataingia kama bwana wa nyumba."

"Akiingia?"

"Atakayemgusa utosini naye atakuwa maiti inayotembea kama yeye. Na Jigmet hatapata njia ya kuzaliwa tena. Atatembea tu."

Bibi Chorol alikuwa amejikunyata kwenye mablanketi yake. Yeye ndiye aliyepinga mlango kupandishwa. Alimsuta Diskit kiangazi kizima kwa ajili ya ile boriti. Sasa akasema, taratibu, "Uacheni ulivyo."

"Mama!"

"Uacheni. Mwanangu anajipiga kichwa kwenye milango ya watu kama ombaomba. Wa kwao uko wazi."

Norphel aliinuka. Alimvuta Diskit pembeni. Boriti ya zamani ilikuwa imefanywa daraja kwenye kijito, nayo sasa imeshikwa na barafu. Yeye na wanaume wangeenda kuichimbua wairudishe siku hiyo hiyo. Mpaka hapo, mlango ufungwe, mtu asitaje jina la marehemu, asiitike. "Na usimlilie. Machozi yako yanamnyeshea njiani mvua ya mawe. Ikibidi uongee naye, usimwombe kitu. Wala msamaha usiombe. Ukimwomba, umemkaribisha. Mwambie lile neno analolihitaji, basi."

"Neno gani?"

"Nitajuaje mimi? Mke ni wewe."

Ukungu ulishuka baada ya chakula cha mchana. Diskit alipanda juu ya paa kuchukua mavi ya kuwashia, maana jiko lilikuwa linafifia, na kutoka huko alisikia mashoka ya wanaume kijitoni, mbali, kisha akasikia kitu kingine karibu zaidi. Du. Nyumba ya jirani. Mbwa akaanza kulia kwa furaha. Diskit akaangusha kikapu, akashuka ngazi mbili mbili, akafika chini akakuta baridi imejaa ndani kama maji, mlango uko wazi mpaka mwisho, komeo limewekwa vizuri pembeni, na Bibi Chorol ameketi mezani amevaa kilemba chake cha sikukuu, mbele yake kikombe cha chai kimemiminwa kwa ajili ya mtu wa pili.

"Anakuja," alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko ulivyokuwa tangu msiba. "Mwanangu! Ingia, baba, chai ipo!"

Diskit hakujua miguu ilimpelekaje. Alijikuta amesimama katikati ya mlango, mikono ameitanua huku na huku, na mbele yake ukungu ukaachana, na kutoka ndani yake akatoka aliyekuwa mumewe, akitembea bila kukunja magoti, shingo imenyooka, ile kofia aliyoivaa asubuhi ya kicheko ikiwa bado kichwani, paji la uso limepasuka na halitoki damu, povu limeganda midomoni jekundu kama kitu cha mapambo, na harufu yake ilikuwa ya theluji na jasho la farasi, harufu ile ile aliyokuja nayo nyumbani miaka kumi na tisa na ambayo Diskit aliifua kwenye mashati yake na akailalia, kiasi kwamba hata kwa hofu aliyokuwa nayo mwili wake ulitaka kusogea mbele, ukampokee, ukamvue viatu. Macho hayakuwa ya Jigmet. Yalikuwa meupe, na yalimtazama Bibi Chorol juu ya bega la Diskit. Lakini kifua kilikuwa chake, kikipanda na kushuka, kikitafuta hewa ambayo hakikuihitaji tena, kikichemka ndani kama sufuria.

Mkono ukainuka, umenyooka, ukaja juu ya kichwa cha Diskit. Nyuma yake Bibi Chorol aliita tena, "Mpishe, Diskit! Mpishe mume wako!"

Maneno yalimjaa Diskit mdomoni. Nisamehe. Nilitania tu. Ningejua nisingecheka. Aliyameza. Akatazama kile kifua kinavyochemka, na hofu ikampungua kidogo, kwa sababu ugonjwa ule aliujua. Mgonjwa wa namna ile hupelekwa sehemu moja tu.

"Shuka," akasema.

Mkono ukasimama.

"Una maji kifuani. Hapa ni juu bado, hapakufai. Usilale hapa, usinywe chai hapa, usimsikilize mtu." Sauti ikawa ile sauti yake ya kuwafokea wageni wabishi. "Fuata mto. Usigeuke nyuma. Shuka sasa hivi, na usione aibu, hakuna mtu anayekucheka. Shuka, mume wangu. Shuka!"

Kikohozi kikakatika. Mashoka ya kijitoni yakasikika tena. Kisha yule aliyesimama mbele yake akageuka mwili mzima kwa pamoja, kama kabati linavyogeuzwa, akashika njia ya mto kuelekea bondeni, na ukungu ukamfunika. Ndani ya nyumba Bibi Chorol alipiga yowe ambalo Diskit atalisikia maisha yake yote. Miezi saba iliyofuata bibi huyo hakumsemesha mkwewe hata neno moja, ingawa alikula chakula chake.

Boriti ilirudishwa jioni ile. Alama za barafu hazikuonekana tena kijijini.

Mwezi wa sita Norphel na wanaume wakapanda mpaka pitoni wakakuta mawe yametawanyika, chini yake hakuna mtu. Walirudi hawatazamani machoni. Wiki moja baadaye zikaja habari kutoka chini, mwendo wa siku nne kwa miguu, kwenye bonde la miti ya matunda ambako wagonjwa wa kifua hupelekwa wakapata nafuu. Watengeneza barabara walikuwa wamekuta maiti imeegemea ukuta wa shamba, uso umeelekea mto unakoelekea. Walishangaa jinsi midomo yake ilivyokuwa safi.

Diskit aliteremka na mganga, wakamwashia Jigmet moto wake hukohuko chini ya miti iliyokuwa inachanua. Bibi Chorol alikataa kuja.

"Umefanya vema," Norphel akamwambia moto ulipotulia. Safari hii hakuwa na utani. "Jini limebaki bila miguu, na yeye ameipata njia yake. Ni waganga wachache ambao wangeweza. Alikusikia."

"Ndiyo, alinisikia," Diskit akasema. Alichochea makaa yaliyobaki. "Neno moja tu, babu, na alikwenda siku nne bila kugeuka. Alikuwa mtu wa kunisikia siku zote. Hata asubuhi ile ningemwambia, angenisikia."